Mjadala: Je, kupima hewa ya kiwandani kunatosha kumlinda mtengeneza skrini?

Ipo hoja inayorudiwa sana, kwamba kiwanda cha vifaa vya elektroniki kikishapima hewa na kukuta vumbi la metali liko chini ya kiwango, kisha kikawagawia wafanyakazi barakoa, kimemaliza wajibu wake, na kuwatoa watu damu kila mara ili ipimwe ni gharama ya bure. Mimi siikubali, na sababu yangu ni yaliyotokea Japani kuhusu indiamu.

Indiamu ni metali laini. Oksidi yake huchanganywa na oksidi ya bati na kutandazwa juu ya vioo vya skrini, ikawa utando mwembamba unaopitisha umeme bila kuzuia mwanga. Kwa miaka mingi ilidhaniwa haina madhara, mpaka kijana mmoja aliyekuwa akisaga mabamba ya mchanganyiko huo alipougua mapafu na kufariki mwaka 2001, na ndani ya mapafu yake vikakutwa vichembe vya oksidi ile ile. Izingatiwe kwamba mashine yake ilikuwa ya kusagia kwa maji, njia ambayo mtu huiamini kwa sababu haoni vumbi likiruka. Lakini tope lililorukia nguo na sakafu, likikauka, hurudi kuwa vumbi.

Mwaka 2007 wataalamu wa afya kazini wa Japani waliweka ukomo wa mikrogramu 3 za indiamu kwa lita moja ya majimaji ya damu; kijana yule alikuwa na 290. Tangu 2013 kanuni za nchi hiyo zinamtaka mwajiri apime damu, si hewa peke yake, na naona ndivyo inavyopasa, kwa kuwa kipimo cha hewa hueleza hali ya chumba kwa siku ile, ilhali damu hueleza kilichokwisha kumwingia mtu.

Na hapa ndipo hoja ya gharama inaponisikitisha zaidi. Linganisha na metali nyingine, madini ya risasi: yale yaliyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi hivi, ingawa yale yaliyojificha mifupani hukaa miaka mingi. Lakini indiamu iliyotua mapafuni hubaki ikionekana kwenye damu kwa miaka baada ya mtu kuacha kazi, na baadhi ya waliokuwa na viwango vikubwa wameendelea kuharibika mapafu wakiwa mbali na mashine. Basi anayesema hewa inatosha atueleze: aliyemaliza mkataba wake mwaka jana atapimwa na nani, na kwa fedha ya nani?