Naomba ushauri: roboti ya kuwekeza ya mgeni wangu na hii ya kundi la WhatsApp ni kitu kimoja?

Mpanda Kibo (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, leo siku ya tatu silali vizuri.

Mimi ni mwongoza wageni mlimani, naishi Pasua. Mwezi uliopita nilimpandisha mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, kwa njia ya Machame. Tumeshatoka geti la Mweka, tunasubiri cheti chake, akanionyesha simu. Kiasi cha hela alikifunika kwa kidole gumba, nikabaki naona duara la rangi mbili: sehemu kubwa hisa, ndogo hatifungani, yaani hela unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba. Kampuni inaitwa Betterment. Kila mwezi inachukua hela kidogo kwenye akaunti yake ya benki, programu inawekeza yenyewe, yeye hagusi kitu. Akasema alianza na kiasi kidogo sana.

Habari ile ikanikaa kichwani. Nina milioni 6 za msimu huu, mshahara na tipu, zimelala benki. Juzi rafiki yangu wa mlimani akaniingiza kundi la WhatsApp, nao wana roboti ya biashara ya sarafu, inatoa asilimia 2 kila siku. Yeye aliweka laki 3 na ameshatoa faida mara mbili, meseji za muamala nimeziona kwa macho yangu. Mwisho wa kujiunga ni Jumapili. Mama watoto anataka tuezeke nyumba kwanza.

Hiyo kampuni ya Marekani ilikuaje mpaka ikaaminika? Naweza kujiunga nikiwa Moshi? Na hii ya kundi ni jamii moja nayo?

Mhasibu wa Sakina
Mkuu, usitume hata shilingi moja kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Betterment ni kampuni ya kweli. Ilianzishwa New York 2008, ikafungua milango kwa wateja 2010. Mwaka ule wa 2008 masoko ya fedha yalianguka na watu wengi walipoteza imani na mabenki makubwa. Mshauri wa fedha wa kawaida kule hutoza kama asilimia 1 kwa mwaka, na wengi wao hawamtaki mtu mwenye akiba ndogo. Hawa wakaja na programu: unajibu maswali machache kuhusu umri wako, hela ni ya nini, na ukiona imepungua utavumilia kiasi gani. Kutokana na majibu inakugawia kati ya hisa na hatifungani kupitia mifuko ya uwekezaji ya gharama ndogo. Upande mmoja ukizidi, inarudisha uwiano. Hiyo ndiyo kazi yote ya roboti. Haibashiri kesho.

Sasa angalia wanavyokula. Ada yao iliyojulikana kwa muda mrefu ni asilimia 0.25 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, mwenye dola 1,000 aliwaachia dola 2.50 tu. Wakishika dola bilioni 1 za watu wanapata dola milioni 2.5, na hapo walipe wahandisi, ofisi na matangazo. Ndiyo maana lazima wakusanye wateja wengi mno, na ndiyo maana wakubwa wakaingia: Schwab na Vanguard, kampuni kubwa za uwekezaji za kule, walileta huduma zao 2015. Wenzao Wealthfront, nao wa roboti, karibu wauzwe kwa benki ya UBS kwa dola bilioni 1.4, mpango ukatangazwa Januari 2022 na kufutwa Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2024 Betterment ilichukua wateja wa huduma kama hiyo ya benki ya Goldman Sachs.

Wala si malaika. Juni 2022 Schwab ilikubali kulipa dola milioni 187 baada ya mdhibiti wa Marekani kusema haikuwaeleza wateja wa roboti yake ukweli kuhusu fedha taslimu zilizokuwa zimekaa bila kuwekezwa. Na mwaka huo hisa za kampuni kubwa za Marekani zilishuka karibu asilimia 19. Roboti haikumkinga mtu.

Kujiunga ukiwa Moshi haiwezekani, wanataka mkazi wa Marekani.

Kijana wa Njiro
Mhasibu unamtisha bure. Biashara ya sarafu inalipa, asilimia 2 kwa siku mbona ndogo. Mwenzake ameshatoa mara mbili!

Mhasibu wa Sakina
Mdogo wangu, chukua kikokotoo. Laki 1, asilimia 2 kila siku, faida ikiachwa humohumo siku 365. Inafika zaidi ya shilingi milioni 137. Mwenye mashine hiyo atahangaika na laki 3 za mwongoza wageni kwa nini?

Mama wa Memorial
Mwanangu Mpanda Kibo, mimi nauza mitumba hapa Memorial. Marehemu mama yangu aliingia kwenye ile michezo ya hela ya kupanda na kuvuna. Mara ya kwanza alivuna, ya pili akavuna, akatununulia na vitenge. Ya tatu akauza ng'ombe wawili wa maziwa, akapeleka hela yote. Zizi lilibaki tupu mpaka anazikwa. Hizo mara mbili za rafiki yako ndizo zinazoniogopesha kuliko kitu kingine.

Mhasibu wa Sakina
Mama, pole sana. Mkuu, ukitaka hela ifanye kazi, hapa nyumbani kuna vipande vya mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, mfuko wa Umoja upo tangu 2005 na unadhibitiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kuna hatifungani za Serikali kupitia Benki Kuu (BoT), kuanzia milioni 1, riba kila miezi sita. Lakini kwa hali yako ningeanza na bati. Masika yanakuja, na masika huna wageni.

Mpanda Kibo (Moshi)
Nawashukuru wote, Mama wa Memorial umenigusa sana. Nimejitoa kwenye kundi, kesho naenda na mama watoto kuulizia bei ya bati.

Ila nilimwomba rafiki yangu ajaribu kutoa mtaji wote leo. Wamemjibu alipie kwanza kodi ya elfu 45 ndipo akaunti ifunguliwe.

Mhasibu wa Sakina
Asilipe! Mpigie sasa hivi.

Mpanda Kibo (Moshi)
Simu inaita haipokelewi. Nachukua bodaboda namfuata kwake Majengo.