Hawa wa meseji za tenda wanatuuzia zabuni zilizo wazi bure, tena zikiwa zimebakiza muda mfupi kufungwa

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nina wiki mbili nalo kifuani, nilisema niachane nalo ila nimeshindwa, wacha niliseme hapa labda litamuokoa mtu mwingine.

Mimi ni fundi seremala, niko Morogoro, nina karakana ndogo na vijana wanne, tunatengeneza meza na viti vya shule, makabati, vitanda vya dabo deka. Mwaka huu nikaona nisiishie kusubiri wateja wa barabarani tu, niingie kwenye tenda za serikali. Kampuni nilishasajili BRELA, TIN ninayo, leseni ninayo, NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, nikajisajili vizuri tu. Ndo nikakutana na hawa watu, wana tovuti na namba ya whatsapp, unalipia kifurushi wanakutumia tenda zinazokuhusu kila siku. Mwezi ni elfu 25, mwaka laki mbili na 40. Nikalipa mwaka mzima kwa mkupuo, wakuu, laki mbili na 40 ya jasho.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Alhamisi jioni, niko nafunga karakana, meseji ikaingia: tenda mpya, kutengeneza na kusambaza meza na viti vya sekondari, halmashauri fulani, mwisho Jumanne saa nne asubuhi. Nikafurahi sana maana hiyo ndo kazi yangu kabisa. Ijumaa nzima niko barabarani, nimezunguka Msamvu na mjini kuuliza bei ya skwea paipu, mbao, vanishi, usafiri wa fuso mpaka kule. Jumamosi nikaenda kwa wakili akanigongea mihuri kwenye karatasi, hela. Jumapili usiku mimi na mke wangu tumekaa mezani na kalkuleta tunapiga gharama ya meza moja moja mpaka saa saba usiku, mtoto amelala kwenye kochi pembeni yetu.

Kompyuta sina, NeST huwa naingilia kwenye steshenari ya jirani. Jumatatu asubuhi tukafungua, yule dada wa steshenari akatafuta, akatafuta, akaniangalia akasema kaka hii imefungwa tangu Ijumaa saa nne asubuhi.

IJUMAA! Yani wakati ile meseji inaingia kwenye simu yangu, yalikuwa yamebaki masaa kama 15 tu tena ya usiku, na tenda yenyewe ilikuwa imetangazwa siku 11 nyuma!! Siku 11 ipo pale wazi, mtu yeyote anaiona, mimi niliyelipa nikaletewa jioni ya kuamkia kufungwa na tarehe ya uongo juu.

Nikawapigia. Mara ya kwanza haikupokelewa, mara ya tatu akapokea binti mmoja, nikamweleza taratibu kabisa, akanijibu "kaka tarehe zinajijaza zenyewe kwenye sistimu, tunaomba radhi, tutakuongezea siku 7 kwenye kifurushi chako". Siku 7 za kitu gani sasa? Mimi naongelea kazi ya meza na viti ambayo ingewalipa vijana wangu miezi miwili, yeye ananiongezea siku za kupokea meseji zilizochelewa.

Hapo ndo nikakaa na yule dada wa steshenari tukarudi nyuma kuangalia meseji zote za miezi mitatu, moja moja, tukilinganisha na NeST. Wakuu niliumia. Nyingi zimekuja zimebakisha siku mbili au tatu. Nyingine ni za Kenya na Malawi, mimi niende Malawi kupeleka viti? Kuna moja imeandikwa mbao, kufungua kumbe ni taasisi inauza miti iliyosimama msituni, yani wao ndo wanatafuta wa kununua. Nyingine ni dawa za binadamu, sijui zimefikaje kwa seremala.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki, ambao hamjalipa mtakuwa mmekiona. Kwenye zile meseji zao za bure wanaficha jina la taasisi na namba ya zabuni, wanaweka nyota nyota, wanakwambia lipia uone. Mwanzo nilidhani wanatunza siri ya biashara. Kumbe wanajua ukishapata jina na namba unaenda NeST unaiona mwenyewe bila kulipa hata mia! Wanachouza ni kile walichokifunika kwa mikono yao.

Zamani ningewaelewa. Enzi za matangazo kwenye magazeti na mbao za halmashauri, mtu aliyekuwa anakukusanyia yote kwa pamoja alikuwa anafanya kazi ya kweli. Hata leo anayekusanya tenda za mashirika binafsi, mabenki, miradi ya wafadhili, ambazo kila moja iko kwenye tovuti yake, mimi huyo namlipa bila kinyongo. Ila tenda za serikali tangu Julai 2023 NeST imeanza, ikachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS, na sheria ya ununuzi ya 2023 imetaka mambo yapite kwenye mfumo. Ziko sehemu moja. Unaingia nest.go.tz, hata bila kulogin unaona zilizotangazwa na muda wa kufungwa umeandikwa pale pale. Na mipango ya manunuzi ya mwaka ya taasisi nayo inawekwa, unaweza ukajua mapema nani atanunua viti mwaka huu ukajipanga.

Halafu fikirieni wanaolipia ni akina nani. Makampuni makubwa yana mtu wa manunuzi anashinda kwenye NeST kutwa nzima, hawa hawamhitaji mtu. Wanaolipa ni sisi tunaoanza, vikundi vya vijana, vya akina mama, watu wenye ulemavu ambao sheria imewatengea asilimia 30 ya manunuzi ya serikali, mtu amesikia kuna fursa hajui pa kuanzia, anatoa akiba ya kikundi analipia kifurushi. Huyo ndo anapigwa.

Ninachotaka kwao ni vitu viwili tu. Kila meseji iandikwe tenda ilitangazwa lini, na tarehe ya kufungwa iwe ya kwenye mfumo, hata ikisogezwa mtutumie marekebisho. Na hela yangu ya miezi 9 iliyobaki irudi, nimeshawaandikia mara mbili, wamesoma, tiki za bluu naziona, hawajibu.

Kwa ambao mko kwenye NeST, kagueni ile sehemu ya aina za biashara mlizosajili, mimi yangu ilikuwa imekaa kwenye ujenzi badala ya fanicha na hakuna aliyeniambia, nimerekebisha juzi tu.

Na mliolipia vifurushi kama mimi, wekeni hapa siku mliyopata meseji na siku tenda ilipotangazwa NeST. Msitaje jina la kampuni kwanza, leteni tarehe tuzione.