Ng'ombe wanatubomolea mfereji kila kiangazi, tufanyeje?

Mkulima wa Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Tuko 14, tunalima mpunga na nyanya huku Magu, Mto Simiyu unapokaribia kuingia ziwani. Maji tunavuta kwa pampu, yanapita mfereji wa udongo kama mita 400. Malambo ya juu yakikauka tu, ng'ombe wanashushwa huku. Wanakunywa humo, wanasimama humo, wanakunya humo. Tuta limelala, tope limejaa, wa mwisho hapati maji. Kina mama nao wanachota hapo hapo. Mwaka jana tuliweka miiba, ikang'olewa usiku. Sungusungu wakatoza faini, tukaambulia uhasama, maana wenye ng'ombe ni shemeji zetu.

Nyanda
Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Wafukuzeni!

Fundi Banio
Mkuu Nyanda, taratibu. Hizo mita 60 hazimbani mchungaji peke yake. Nyanya za huyu mkulima ziko mita ngapi?

Mchungaji wa Kwimba
Mimi nachunga. Kwa jua hili ng'ombe mmoja anamaliza hata lita 40 kwa siku. Nikitokea na 80 wakanusa maji, fimbo haina kazi tena. Na msidhani tunapenda: majani ya kwenye tope ndiyo yanawapa minyoo ya ini. Tutengeeni pa kunyweshea, tutapita huko.

Fundi Banio
Umesikia? Ng'ombe 80 ni lita 3,200. Pampu ya inchi tatu haimalizi dakika kumi. Jengeni birika la zege upande wanakotokea, mbali na mfereji, na chini mpange mawe, la sivyo patakuwa dimbwi mwezi wa kwanza. Maji yanayomwagika yasirudi mferejini. Njia yao inapokatiza, wekeni kalavati, kivuko kimoja tu. Hapo ndipo mfereji muuzungushie minyaa, ng'ombe hawaili (utomvu usiwaingie machoni wakati wa kupanda). Kwenye tuta, pandeni nyasi za vetiva. Matete msipande, mtakuwa mmewaandalia chakula.

Mama Nyanguge
Hao kina mama wachote juu, kabla ng'ombe hawajafika, na ya kunywa wachemshe hata birika likijengwa. Ila kichocho msimsingizie ng'ombe. Kinaletwa na binadamu anayejisaidia majini. Choo kipo hapo shambani?

Mkulima wa Bondeni
Choo... hakipo, dada. Nimekuelewa. Sasa saruji nani anunue? Sisi msimu huu nyanya zimetutupa.

Mchungaji wa Kwimba
Mawe, mchanga na vijana wa kuchimba tunatoa sisi. Saruji tugawane kwa idadi ya ng'ombe. Mwenye 80 asilipe sawa na mwenye 6.

Mkulima wa Bondeni
Hapo umenena. Jumapili jioni njooni na wazee wenu, tukutane penye mkuyu. Birika liwe na urefu gani, Fundi?

Fundi Banio
Ukuta usizidi magoti yako, ndama nao wanakunywa.