Naomba ushauri: mkono kuvimba na dawa ya homoni baada ya saratani ya titi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mwaka 2019 niligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto, nikafanyiwa upasuaji wa kuondoa titi pamoja na tezi za kwapani, kisha nikapata dawa za dripu na baadaye mionzi. Namshukuru Mungu, hadi sasa ugonjwa haujarudi.

Kinachonisumbua ni mkono. Tangu mwaka jana, kila ninapokanda unga wa chapati au kubeba ndoo ya maji, mkono wa kushoto huvimba, na ifikapo jioni bangili niliyovaa asubuhi haitoki bila sabuni. Nimeelezwa kwamba tezi zikishatolewa, majimaji ya mwili hukosa njia ya kurudi, na kwamba hali hii inaweza kujitokeza hata baada ya miaka mingi. Nimeshauriwa kuvaa soksi maalumu ya kubana mkono, lakini kwa joto hili la Tanga inaniwasha mno. Mliopitia haya mnaivaaje, na ni mazoezi gani yamewasaidia?

Jambo la pili ni tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni ili saratani isirudi, kidonge cha miligramu 20 ninachomeza kila siku. Miaka mitano imetimia, na daktari ameniachia nichague kuacha au kuendelea hadi miaka kumi. Joto la ghafla usiku linaloletwa na dawa hii hunilazimu kubadilisha shuka, lakini kuacha kunanitia hofu zaidi. Aliyewahi kufika njia panda hii, tafadhali anieleze alimuuliza nini daktari wake kabla ya kuamua.