Hospitali, ulinzi wa watoto au shule: mfanyakazi mpya wa ustawi wa jamii aanzie wapi?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Wanajukwaa, nawasalimu. Miezi michache ijayo ninaanza mafunzo kwa vitendo, nami natakiwa kuchagua sehemu moja kati ya tatu: kitengo cha ustawi wa jamii hospitalini, ofisi ya ulinzi wa watoto, au shule. Darasani tumefundishwa kwamba taaluma yetu hufanya kazi katika ngazi tatu, yaani kwa mtu na familia yake, kwa kikundi, na kwa jamii pamoja na sera zinazoiongoza. Orodha za majukumu nilizosoma, hata hivyo, zinafanana mno: tathmini, unasihi, rufaa, utunzaji wa kumbukumbu. Naomba mlio kazini mnieleze sehemu hizi zinatofautiana katika nini hasa.

Wodi ya Saba

Majukumu yanafanana, mdogo wangu, kwa sababu ujuzi wenyewe ni mmoja. Mimi ninapozilinganisha sehemu hizi huangalia mambo mawili: nina muda gani na mtu huyu, na nani mwenye neno la mwisho juu yake.

Hospitalini muda ni mfupi, na neno la mwisho kuhusu tiba ni la daktari. Mgonjwa wa kiharusi anapokaribia kuruhusiwa, timu nzima inauliza ataondoka lini, na mimi ndiye ninayeuliza anakwenda wapi: kama chumba chake kiko ghorofani, nani atamgeuza kitandani usiku, nani alikuwa akitegemea kipato chake, na kama yule anayetajwa kuwa mlezi amekubali. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye faili kwamba binti wa mgonjwa mmoja angemhudumia nyumbani, kwa kuwa ndugu wote walisema hivyo mbele yangu, nami sikumtafuta binti mwenyewe. Baada ya majuma mawili mgonjwa alirudishwa akiwa na vidonda vya mgongoni, na binti akanieleza kwamba hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo siandiki jina la mlezi kabla sijazungumza naye peke yake.

Jambo jingine ambalo mwanafunzi anapaswa kulijua mapema ni kwamba nafasi yetu hospitalini ina pande mbili tangu mwanzo wake. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimpokea Mary Stewart kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yake ya awali ilikuwa kupembua nani kweli hana uwezo na anastahili kutibiwa bure. Mwaka 1905 daktari Richard Cabot alianzisha huduma ya kijamii katika hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, kwa hoja kwamba ugonjwa hauwezi kueleweka bila kuyajua maisha ya mgonjwa. Mmoja aliwekwa mlangoni kulinda fedha za hospitali, mwingine alitaka mgonjwa aonekane mzima mzima. Mvutano huo upo hadi leo kila siku kitanda kinapohitajika.

Faili la Kijani

Nakubaliana na vipimo viwili vya Wodi ya Saba, na kwa ulinzi wa watoto naongeza cha tatu: mlangoni unaingia kwa mwaliko wa nani? Mgonjwa amekuja mwenyewe au ameletwa na ndugu zake. Familia ninayoitembelea mimi haikuniita, na aghalabu inaniogopa, maana nyuma yangu kuna sheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka maslahi bora ya mtoto yawe jambo la msingi la kuzingatiwa, na katika kifungu cha 9 unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake isipokuwa pale mamlaka husika, ambazo uamuzi wake unaweza kupitiwa na mahakama, zimeona kwamba hilo ni la lazima kwa maslahi yake. Kwa hiyo ninachoandika mimi kinaweza kumwondoa mtoto nyumbani, au kumwacha mahali pa hatari.

Ndiyo maana ujuzi mkubwa huku ni uandishi. “Mama ni mzembe” ni hukumu. “Nilifika saa nne asubuhi, nikamkuta mtoto wa miaka 3 peke yake, jiko likiwaka” ni ushahidi, na hata huo haujakwambia kama mama amemtelekeza mtoto au amekwenda kwenye kibarua kwa sababu hana wa kumwachia. Umaskini na utelekezaji vinafanana sana kwa macho ya mgeni anayekaa nusu saa. Nimeona wafanyakazi wazuri wakivichanganya kwa uchovu tu, mafaili yakiwa mengi kuliko siku za juma. Kwa moyo mweupe, simshauri mwanafunzi aanzie huku isipokuwa kuna mtu wa kuisoma kila ripoti yake kabla haijatoka.

Dawati la Shule

Kwa ufupi kuhusu shule: muda ndio utajiri wetu. Tunamwona mtoto yuleyule miaka kadhaa, hivyo tunaona anapoanza kusinzia darasani au kukwepa michezo, muda mrefu kabla jambo halijamfikia Faili la Kijani. Ugumu ni upweke. Mara nyingi uko peke yako wa taaluma hii kati ya walimu, na usipoweka mipaka mapema utakabidhiwa watoro na wagomvi uwaadhibu, kisha hakuna mtoto atakayekueleza jambo tena.

Baraza la Mtaa

Wenzangu, mmejibu vizuri, lakini mnalinganisha milango mitatu ya nyumba moja: yote inampokea mtu mmoja mmoja. Fasili ya kimataifa ya taaluma yetu, iliyopitishwa mwaka 2014, inataja mabadiliko ya kijamii na mshikamano kabla ya kitu kingine. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii mjini Chicago, mwaka 1889, walihamia kabisa katika mtaa wa wahamiaji na vibarua wa viwandani, na wanawake wa kundi lao walikuwa miongoni mwa waliopigania mahakama ya watoto iliyoanzishwa huko mwaka 1899. Kama watoto ishirini wanakosa shule kwa sababu ileile, unasihi mara ishirini hautaiondoa sababu hiyo. Ningependa mwanafunzi huyu aulize kama kuna sehemu ya nne.

Wodi ya Saba

Hoja ni ya kweli, ila mgonjwa anayeruhusiwa kesho hawezi kusubiri sera. Tulichofanya sisi ni kuandika katika daftari moja, kwa miezi mitatu, kila mgonjwa aliyebaki wodini kwa kukosa kiti cha magurudumu tu. Tulipoupeleka ukurasa ule kwa uongozi, hospitali ilianza kuazimisha viti. Ngazi ya tatu inaweza kuanzia kwenye wodi, mradi mtu ahesabu.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Nawashukuru sana. Sikujua kwamba swali la msimamizi, yaani yule wa kuzisoma ripoti zangu, lina uzito kiasi hiki. Nimuulize nini kabla ya kukubali nafasi?

Faili la Kijani

Muulize kama yeye ni wa taaluma yetu, kama mtakutana kwa saa moja kila juma kwa muda uliopangwa (mazungumzo ya koridoni hayahesabiki), na kama unaruhusiwa kumwambia kwamba shauri fulani limekuzidi bila jambo hilo kuandikwa dhidi yako. Sikiliza hasa anavyolijibu la tatu.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Narudi na majibu. Shuleni hakuna msimamizi wa taaluma. Ofisi ya watoto inaye, lakini amesema wazi kwamba ana nafasi mara moja kwa mwezi. Hospitalini tutakutana kila Jumatano saa nane mchana, na kwa swali la tatu alinisimulia shauri lililomshinda yeye mwenyewe. Nimeomba nianzie huko, na daftari la Wodi ya Saba nitakwenda nalo.