Kwa nini mji wetu mdogo hupiga kura vilevile kila uchaguzi?

Mkazi wa Kongwa
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi katika mji mdogo wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, mji wa maghala ya mahindi, wachuuzi na madereva wa malori. Mwaka mzima watu hulalamikia ushuru wa mazao, maji na mipaka ya viwanja, tena kwa sauti kubwa. Lakini siku ya kura ikifika, chama tawala, CCM, hushinda karibu kila kitongoji. Najua hata kitaifa hali ni hiyo: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama hicho kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, ilhali mwaka 2014 kilipata takribani asilimia 80. Ninaandaa andiko fupi kwa ajili ya kikundi chetu cha vijana, nami sitaki kuishia kwenye majibu mepesi kwamba watu wamezoea au wanaogopa. Mtu anayetaka kuuelewa mwenendo wa kura wa mji kama huu aanze kutazama wapi?

Mwalimu Mstaafu
Ukitazama siku ya kura peke yake utaona matokeo, hutaona mashindano. Katika mkoa wetu watu hutoana jasho ndani ya chama, kwenye kura za maoni, yaani mchujo wa kumpata mgombea wa chama. Mfano ulio wazi ni jimbo la Mtera mwaka 2010, ambako Mzee John Malecela, aliyepata kuwa Waziri Mkuu na aliyekuwa mbunge wa miaka mingi, aliangushwa na Livingstone Lusinde kabla hata kampeni hazijaanza. Mwaka ule walipiga kura wanachama wote wenye kadi. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudi mikononi mwa wajumbe wachache wa mikutano ya chama, ndipo ukavuma ule usemi kwamba wajumbe si watu wazuri, uliowachekesha wote isipokuwa wagombea wenyewe. Kwa hiyo mwananchi mwenye kinyongo na diwani wake anaweza kumwadhibu bila kuhama chama, na siku ya uchaguzi mkuu hasira hiyo haionekani popote.

Lipo pia suala la historia. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na kijiji kikakua pamoja na tawi la chama. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama tu, si wa serikali. Hata hivyo majirani wakigombania mpaka, wengi bado huanzia kwake. Chama kinachotaka kushindana na hilo kinahitaji mtu katika kila kitongoji kwa miaka yote mitano, si gari la matangazo kwa wiki mbili.

Mwana Ikungi
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kura za maoni, lakini hoja ya vijiji vya ujamaa hainitoshi. Sisi wa Singida nasi tulihamishiwa vijijini, nasi tuna mabalozi. Hata hivyo Singida Mashariki ilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA mwaka 2010 na kumrudisha bungeni mwaka 2015. Alikuwa mzaliwa wa hapo, mwanasheria, tena aliyesimamia mambo yanayoigusa kila kaya, kama vile michango ya lazima. Kwa hiyo uliza kwanza ni nani aliyekuwamo katika karatasi ya kura. Sheria haimruhusu mgombea binafsi, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Ukiuhesabu mwaka huo sawa na mingine, jedwali lako litakudanganya. Weka kando vitongoji vyote vilivyokuwa na mgombea mmoja.

Karani wa Zamani
Nyongeza ya kiutendaji. Uchaguzi wa vitongoji husimamiwa chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura, ambayo mwaka 2024 iliandikishwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba; mwenye kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu alipaswa kujiandikisha upya. Kwa nilivyoona mimi, katika miji ya biashara wapangaji na vibarua wa maghalani hawajiandikishi, hivyo wanaoamua ni wenyeji wenye nyumba na mashamba. Nao humtaka mwenyekiti anayepatikana nyumbani jioni na mhuri wake, kwa sababu barua ya utambulisho inahitajika katika kitambulisho cha taifa, mkopo na hata dhamana ya polisi. Sera haiulizwi sana.

Mkazi wa Kongwa
Nawashukuru nyote. Shikamoo, Mwalimu. Matokeo ya kura za maoni za kitongoji hayapatikani katika ofisi ya halmashauri. Niyatafute kwa nani?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Anza na katibu wa tawi, ukiongozana na mtu anayemfahamu. Omba majina ya wote waliochukua fomu na kura za kila mmoja, kisha uliza ni nani kati yao aliyekatwa na vikao vya juu. Usimwulize ni nani aliyestahili kushinda, maana hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha.