Mjadala: Dalali wa spea za ndege awe na leseni au aachwe?

Wadau, wengi tunaamini kila kinachofungwa kwenye ndege kimepita kwa watu wenye vibali. Mtengenezaji anacho, karakana inacho, fundi anacho. Je, dalali wa katikati? Marekani na Ulaya sheria haimdai leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Kisa cha AOG Technics, dalali wa spea wa London, mnakijua. Iliuza spea za injini za CFM56, zinazofungwa kwenye Boeing 737 na Airbus A320 nyingi. Mwaka 2023 mafundi wa TAP, shirika la ndege la Ureno, walishika kifaa ambacho hati ilisema ni kipya, wakakiona kimechakaa. Wakawauliza Safran ya Ufaransa, washirika wa General Electric katika CFM, kampuni inayounda injini hizo. Jibu: hati si yetu, saini imeghushiwa. CFM ikaja kuhesabu injini 126 zilizoguswa, na mashirika kama Delta na Ryanair yakaanza kuchomoa vitu.

Na si hasara ya pesa tu. Septemba 8, 1989, ndege ya abiria aina ya Convair 580 ya shirika la Partnair la Norway ikitoka Oslo kwenda Hamburg ilianguka baharini karibu na Hirtshals, Denmark. Watu wote 55 wakafa. Wachunguzi walikuta boliti na pini zilizoshika mkia hazikufikia kiwango.

Msimamo wangu: leseni, na ukaguzi wa kushtukiza stoo kwake. Bei ikipanda, ipande.

JIBU: Mkuu, kwenye leseni tunaachana. Kilichoghushiwa ni karatasi, wewe unataka kuongeza karatasi nyingine? Aliyewakamata ni fundi mwenye macho. Tatizo liko kwa mnunuzi. Ndege imelala, abiria wanadai hoteli, bosi anapiga simu kila dakika, kiwandani wanasema subiri wiki kadhaa, dalali anasema kesho asubuhi. Hapo nani atakumbuka kuuliza saini ni ya nani? Mimi ningelazimisha kila hati ithibitishwe kwa aliyeitoa kabla spea haijaingia stoo, na spea iliyokwisha muda ikatwekatwe isirudi sokoni. Tena hata hati halali haitoshi: mwaka huohuo wa 2023 ilitangazwa kwamba unga wa chuma uliotengenezea vipande vya injini za kiwanda cha Pratt & Whitney, zinazofungwa kwenye ndege za Airbus A320neo, ulikuwa na uchafu. Hapo hakukuwa na dalali wala saini feki.

MLETA MADA: La kukatakata nalichukua, tena likaguliwe, maana chuma chakavu kina wateja wake. Ila hilo la Pratt & Whitney ni kosa la kiwanda, na kiwanda kina anwani; injini zikaitwa, zikakaguliwa. Dalali ukimwendea unakuta ofisi imefungwa. Na huko kuthibitisha kwa aliyeitoa kunawezekana akiwepo. Ile Convair ya Partnair ilikuwa na miaka 36, kiwanda kilishaacha kuunda aina hiyo zamani. Ndege za umri huo bado zinaruka, hata huku kwetu. Boliti yake ikija na hati ya miaka thelathini iliyopita, utampigia nani?